Mnaoficha makopo ya GPS Mtwara na Lindi bila kuwaambia wenyeji, mnatutia matatani sisi tunaobaki

Wakuu, salaam. Nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Mods msiupeleke uzi huu jukwaa la utalii, utazikwa kule na wahusika hawatauona.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, unaitwa jiokashingi. Mtu anaficha kopo mahali, ndani anaweka daftari dogo na vitu vidogo vya kubadilishana, anachukua vipimo vya mahali pale kwa GPS, mfumo wa setilaiti unaoonyesha ulipo, na kuviweka mtandaoni. Wengine wanakuja na simu zao kulisaka. Ukilipata unaandika jina na tarehe, ukichukua kitu unaacha chenye thamani ileile au zaidi, kisha unalirudisha palepale ulipolikuta. Ulianza Marekani Mei 2000. Serikali yao iliacha kuvuruga kwa makusudi ishara za GPS wanazopata raia, haikupita hata wiki Dave Ulmer akaficha ndoo msituni Oregon na kuwapa watu vipimo vyake. Leo upo karibu dunia nzima, na huku kusini upo pia.

Naupenda mchezo huu. Umenipitisha vichochoro vya Mikindani ambavyo nisingevipita, umenipandisha miamba ya Masasi. Ndiyo maana nina hasira hivi.

Nje kidogo ya Mikindani kuna mashamba mawili ya mikorosho yanayopakana. Mpakani pana mkorosho mkubwa wa zamani wenye tundu kwenye shina. Mgeni mmoja aliyekuja likizo akaona tundu lile zuri, akatia kopo lake, akapiga picha, akapanda ndege kurudi kwao. Hakumwomba mwenye shamba wala hakupita kwa mwenyekiti wa kitongoji. Hakumwambia hata mtoto anayechunga mbuzi pale.

Wakati wa palizi vijana wakalikuta. Kopo la plastiki lililozungushiwa solotepu nyeusi. Wakalifungua. Ndani mna karatasi iliyokunjwa yenye orodha ya majina na tarehe, kauri mbili, shanga, sarafu ya kigeni, mdoli mdogo asiye na mkono mmoja, na kipande cha kitambaa chekundu kilichopigwa fundo. Sasa niambieni, wewe uliyezaliwa Mtwara, ukikuta vitu hivyo kwenye shina la mkorosho mpakani mwa shamba lako utasema ni mchezo? Na msimu uliopita mikorosho ya upande ule ilikuwa imepigwa ubwiri unga, maua yakakauka, familia ikavuna magunia ya kuhesabika. Jibu likapatikana palepale: shamba limetegwa.

Na wa kutupiwa lawama alikuwepo. Shamba la pili ni la bibi mjane anayeishi peke yake. Kufika jioni jina lake lilikuwa limeshatajwa kijiji kizima. Mnajua vizuri bibi kizee akitajwa kwa mambo hayo katika nchi hii kinachoweza kumpata. Sihitaji kueleza.

Mimi niliitwa kwa sababu kuna kijana aliwahi kuniona nikichungulia mizizi ya miti na simu mkononi. Nikasimama mbele ya mwenyekiti, wazee na ukoo mzima wenye shamba, nikafungua simu, nikawaonyesha ramani, nikalinganisha majina ya kwenye karatasi na majina ya wasakaji walioandika mtandaoni. Wakanisikiliza. Mzee mmoja akauliza maswali mawili tu: aliyeweka ni nani, na alimwomba nani? Nikawa sina cha kujibu. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni, ametazama chini muda wote. Nilipomaliza akasema, "Mjukuu wangu, mimi hawa watu wa kwenye karatasi nimewakosea nini?"

Bahati yetu mwenyekiti yule ni mtu wa busara. Kesho tunaweza kumpata asiye na subira.

Na msiniambie ni ushamba wa watu wa vijijini. Mwaka 2011 Wetherby, Uingereza, nchi yenye makopo haya kila kona, kikosi cha mabomu kiliitwa mjini kwa sababu mtu alionekana akiweka kaboksi ka plastiki chini ya chombo cha maua. Wakakalipua. Kitu kilichofichwa bila maelezo kinatisha popote. Kila watu wanakitafsiri kwa hofu yao. Hofu ya kule ni bomu, ya huku ni kutegwa.

Tena huku kusini watu wana sababu zao za kumtilia shaka mgeni mwenye kifaa cha kupimia. Tendaguru iko hapahapa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria), wenyeji wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na mjusi mrefu kuliko wote, wa kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama Berlin hadi leo. Mwaka 2013 Mtwara tuliona vurugu za kupinga gesi kupelekwa Dar kwa bomba, watu wakafa. Tangu 2017 kuna vita Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, na vijiji vya mpakani vimeshambuliwa. Halafu wewe unatembea kwenye shamba la mtu, macho kwenye simu, unasimama, unarudi nyuma hatua tatu, unachutama, unapapasa chini ya jiwe. Mwananchi anawaza nini? Mpima ardhi, au jasusi, au mtafuta mali ya Mjerumani.

Hili la mali ya Mjerumani linatusumbua kuliko mnavyodhani. Kila penye jengo la Mjerumani au mbuyu mkubwa kuna watu wanaoamini rupia zimezikwa, na wapo wanaochimba usiku kweli. Pale Mikindani pana boma la mwaka 1895 na mibuyu mingi. Msakaji anayeinama kwenye mizizi pale anaonekana mmoja wao. Mbaya zaidi wapo wasakaji wanaochimba! Wakuu, kopo la mchezo huu HALIFUKIWI. Ni kanuni ya wazi ya mtandao mkuu wa mchezo, huruhusiwi kuchimba shimo kuficha wala kutafuta, labda mwenye ardhi aruhusu waziwazi. Ukijikuta umeshika jembe, umeshakosea. Tazama mahali ambapo mkono unaingia bila kuvunja kitu: tundu la shina, nyuma ya jiwe lililolala vibaya, rundo la vijiti vilivyopangwa vizuri kuliko upepo unavyoweza kuvipanga.

Kilwa ndiyo imenitia uchungu zaidi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Mwaka 2004 ziliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu kuta zilikuwa zinakwisha, zikatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa. Ukuta ule ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukichomoa jiwe moja upate nafasi ya kikopo chako, maji ya mvua yanaingia, chokaa inalegea, la pili linafuata lenyewe. Kuna kopo nimelifungua, sitataja lilipo, nikakuta vigae vya vyombo vya kale vimewekwa eti zawadi ya kubadilishana. Vigae vile ndivyo vinavyoeleza Kilwa ilifanya biashara na nani, kuanzia Uajemi hadi China. Ukiokota kigae na kukihamisha umeua habari yake, na umeivunja Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Hakuna "sikujua" hapo.

Unataka kuwaleta watu kwenye magofu? Njia ipo na ni nzuri kuliko kutia kopo ukutani. Tengeneza msako wa hatua mbili: mtu afike gofuni, ahesabu kitu kisichohama, nguzo au matao, namba anayoipata aiingize kwenye vipimo, vimpeleke kwenye kopo lililo mahali pengine kabisa ulipopewa ruhusa. Na kwa sehemu kama Tendaguru kuna aina isiyo na kopo, mtu anasoma miamba na kujibu maswali. Hiyo nayo inataka ruhusa ya wenye eneo.

Sasa ruhusa. Kanuni ya mchezo inasema mwenye ardhi akubali. Inasema pia mfichaji awe na uwezo wa kurudi kulitunza kopo lake, ndiyo maana makopo ya mtu aliye likizoni hayatakiwi. Lakini wahakiki wanaopitisha makopo ni watu wa kujitolea, wanaangalia ramani wakiwa mbali. Ukiwaandikia kwamba ruhusa unayo, watajuaje mkorosho ule ni wa nani? Mnautumia upole wao vibaya. Kwetu ruhusa haina ugumu wowote. Unakwenda na mtu anayejulikana, unampa mzee shikamoo yake, unakaa, unaeleza, unafungua kopo waone kilichomo. Mara nyingi watakuonyesha mahali pazuri kuliko ulipochagua, na watakwambia pa kutogusa: makaburi, mti wa tambiko, upande ilipo kambi ya jando. Mambo hayo hayapo kwenye ramani ya simu.

Na vilivyomo. Acheni kuweka kauri, hirizi za urembo, vitambaa vyekundu, vyeusi na vyeupe, nywele, midoli, mimea mikavu. Kwako ni kumbukumbu ya pwani, kwa mwenye shamba ni kazi ya mganga. Chakula hakitakiwi, siafu watakitangulia. Dawa na nyembe marufuku. Weka beji, kalamu za rangi, magari madogo ya watoto. Juu kabisa, kabla ya daftari, weka karatasi ya KISWAHILI inayosema huu ni mchezo wa kutafuta kopo kwa simu, si uchawi wala si kitu cha hatari, aliyeliweka ni fulani, simu namba hii, na mwenyekiti wa mtaa anajua. Makopo mengi niliyofungua huku maelezo yake ni ya Kiingereza tu. Mnamwandikia nani?

Kopo lenyewe liwe la kuonekana ndani, lenye mpira kwenye mfuniko na vibanio pande zote nne. Makopo ya aiskrimu yanapasuka kwa jua, bati linaliwa na chumvi ya bahari, na mvua zetu za Desemba hadi Aprili zinageuza daftari kuwa uji. Weka penseli, wino unachuruzika. Usiliache limegusa udongo, mchwa watakula karatasi yote.

Vipimo navyo! Simu chini ya anga wazi inaweza kukosea mita tano hadi kumi, chini ya mwembe mnene inazidi hapo. Simama, subiri itulie, chukua vipimo mara kadhaa kwa nyakati tofauti, linganisha. Halafu andikeni vizuri. Tuko KUSINI mwa ikweta, ukiacha herufi ya kaskazini iliyokuja na programu unampeleka mtu Ethiopia. Na nyuzi 10 na dakika 16.5 si sawa na 10.165, ni 10.275. Kosa hilo moja linamsogeza msakaji kilomita 12 kaskazini, na kutoka Mtwara mjini hiyo ni baharini. Kila ukikosea, kuna mtu anazunguka kwenye shamba lisilohusika, anapekua mti usiohusika, mbele ya watu wasiomjua.

Jambo lililonimaliza kabisa: kopo la mpakani lilipokuwa limeshafungiwa kwenye kabati la ofisi ya kijiji, kuna mtu aliandika mtandaoni kwamba amelipata, limekaa vizuri, asante sana. Amelipata wapi? Kwa uongo wake msakaji mwingine akafunga safari, akaingia shamba lilelile, kwa watu walewale ambao hasira zao hazijapoa. Alifukuzwa na mbwa. Hukulipata, andika hukulipata, ndiyo taarifa inayomwambia mwenye kopo aje aangalie.

Wenye makopo yaliyoko Mtwara na Lindi, nataka mjitokeze hapa chini. Andika kopo lako liko wilaya gani, nani wa mtaa au kijiji anajua, na nani analitunza usipokuwepo. Huna mtunzaji, sema, tupo wenyeji tutalichukua tulitunze au tuliondoe. Lililo kwenye ukuta wa gofu, makaburini au mti wa tambiko liondolewe kabla ya mvua, nitakusaidia kulitoa bila kuharibu kitu. Makopo yasiyo na mwenyewe nitayaripoti kwa wahakiki moja baada ya jingine yafungwe, mkasirike msikasirike.

Na wewe wa mkorosho wa mpakani, nimekuandikia kwenye mtandao wa mchezo, umesoma, hujajibu. Mwenyekiti anataka barua yako yenye jina lako kamili, kwa Kiswahili, isomwe kwenye mkutano wa kijiji mbele ya wale waliomtaja bibi. Ukishindwa kuiandika niambie, nitakutafsiria. Ila iandike.