Viota 24 kati ya 40: kwa nini si asilimia 60?

MwanaViota_Kisauni
Assalam alaykum. Nafuatilia viota vya mnana kwenye minazi huku Kisauni, vyote 40. Viota 24 makinda wameruka, nikaandika asilimia 60. Msimamizi amekataa, anataka hesabu ya siku za kiota. Yafanywaje? Halafu viota vitatu vina makinda waliokufa bila jeraha. Niwafanyeje?

Tudor_Darubini
Waalaykum salaam. Viota vilivyoharibika mapema hukuwahi kuviona, ndiyo maana 60 imevimba. Kiota ulichokikuta na makinda wa siku kumi kilishavuka hatari nyingi kabla hujafika.

Dawa yake aliitoa Harold Mayfield, mtaalamu wa ndege Mmarekani, mwaka 1961. Kwa kila kiota hesabu siku kilizokaa hai tangu ulipokikuta. Kikipotea kati ya ziara mbili, chukua katikati: Jumatatu kizima, Ijumaa kitupu, andika siku 2. Jumlisha vyote. Tuseme umepata 400. Vilivyopotea 16 gawanya kwa 400, ni 0.04, basi uhai wa siku moja ni 0.96. Kama toka yai la kwanza hadi kuruka ni siku 32, zidisha 0.96 kwa yenyewe mara 32: 0.27. Ni asilimia 27! Wala usikate desimali mapema, maana tofauti ndogo hukua: 0.95 badala ya 0.96 inakushusha hadi asilimia 19.

Siku za mayai na za makinda zitenge, hatari zake si moja.

MwanaViota_Kisauni
Shukrani. Na kiota kilichochanika ubavuni, nakiandika kimeliwa na kunguru?

Tudor_Darubini
Usikimbilie. Dume wa mnana hubomoa mwenyewe viota vikuukuu, na vile majike walivyovikataa. Angalia daftari: mara ya mwisho kulikuwa na nini ndani? Mayai ya siku tano hayaruki. Makinda wakubwa wakitoweka, tafuta wazazi wanaolisha karibu. Usipowaona, andika "haijulikani" na siku zake ziishie ziara ya mwisho ulipokiona kizima.

Kunguru akiwa juu ya nazi, pitiliza kama hukuja kwa kiota. Wanajifunza upesi mno. Alama ya kukitambua kiota weka mbali nacho, mita tano au zaidi. Mlango wa kiota umeelekea chini, basi tumia kioo kidogo kwenye ufito, si kidole. Makinda wakikaribia kuota manyoya kamili, tazama kwa darubini tu. Ukiwashtua wataruka kabla mbawa hazijakomaa.

Daktari_wa_Mifugo
Hao waliokufa: vaa glavu, tazama gole, kile kifuko cha shingoni. Likiwa tupu na kifua kimekonda kama kisu, fikiria njaa kwanza, hasa baada ya siku za mvua au mzazi kupotea.

Ukitaka maabara, mzoga uwe mbichi. Mifuko miwili, lebo katikati (tarehe, nambari ya kiota), ndani ya boksi la barafu, umfikie daktari wa mifugo wa kaunti siku hiyo hiyo. Upoze tu, usiugandishe: maji yakiganda hupasua seli, na mtaalamu hataona kitu kwenye hadubini. Sampuli ya koo ichukuliwe kwa kijiti cha plastiki chenye ncha ya poliesta. Vya mbao na pamba huweza kuharibu kipimo cha PCR, kile cha kutafuta vinasaba vya kirusi.

Ukikuta wakubwa wengi wamekufa pamoja, au shingo zimepinda, usiguse. Huenda ni kideri au homa ya ndege. Piga ripoti, na viatu vya huko usivipeleke kwenye banda la kuku.