Nyie mnaouza magari, acheni kudanganya watu kwamba Kluger ya 2.4 inavuta tani mbili! Mnatuulia matela

Wakuu, salaam. Niko Kigoma mjini, pande za Mwanga. Nakodisha matela. Lipo la boti, la kushushia vyombo mwaloni Kibirizi na Katonga, na lipo la mizigo ya kawaida: saruji, madumu ya mawese, chumvi ya Uvinza. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetaka lugha laini apite tu.

Ugomvi wangu hauko kwa wateja. Uko kwa nyie wa yadi, madalali wenu, na mafundi wa kuchomelea wanaomfungia mtu chuma cha kuvutia tela asubuhi halafu mchana wameshamsahau.

Juzi amekuja kijana na Toyota Kluger. Gari safi, imetunzwa, rangi inang'aa. Anataka tela la mizigo akachukue chumvi Uvinza, mifuko 40 ya kilo 50. Nikamwambia mwanangu, gari hiyo hapana. Akatoa simu. "Mzee, soma mwenyewe, wameandika inavuta pauni 5,000. Aliyeniuzia ndiye kanitumia." Nikasoma, na kweli imeandikwa. Ila ukurasa wenyewe ni wa Highlander, jina la Kluger kule Marekani, ya mwaka 2010, injini V6 ya lita 3.5, farasi 270, tena ile iliyotoka kiwandani na maandalizi ya kuvuta tela: rejeta kubwa zaidi, feni yenye nguvu, kipoza oili ya injini, alterneta kubwa. Iliyosimama getini kwangu ni Kluger ya Japani, injini ya 2AZ, silinda nne, lita 2.4, farasi 160, gia nne. Rejeta ni ile ile iliyozaliwa nayo.

Na huyo Highlander wa 2010 ni kizazi cha pili, ambacho Japani hakikuuzwa kabisa. Kule Kluger iliishia 2007, ikaja Vanguard. Sasa wewe dalali unayeagiza magari Japani kila siku, hiyo pauni 5,000 umeitoa wapi kama si kukurupuka Google na kumtumia mtu kitu cha kwanza ulichokutana nacho? Umemuuzia gari moja ukampa sifa za nyingine.

Tuseme basi muujiza umetokea na gari ni hiyo ya Marekani. Bado haiwezi! Pauni 5,000 ni kilo 2,268, na hizo ni za tela pamoja na kilichomo ndani yake. Hapa ndipo kila mtu anapopigwa. Tela langu tupu lina kilo 650 hivi. Weka mifuko 40 ya chumvi, kilo 2,000. Jumla 2,650. Mmarekani mwenyewe angekataa, sembuse ACU25, yaani hii Kluger ya 2.4, ya mwaka 2004 iliyokwishatembezwa na Wajapani na sisi tukaiongezea.

Wa mawese nao wana hesabu zao za ajabu. "Mzee ni madumu 100 tu." Mafuta ni mepesi kuliko maji, sawa, lakini dumu la lita 20 linakaribia kilo 18 za mafuta matupu. Madumu 100 ni kilo 1,800, dumu lenyewe hujalipima.

Nikainama kuangalia nyuma ya ile Kluger. Wakuu, nilichoka. Fundi amechukua bomba la mraba, akalichomelea kwenye chuma cha nyuma ya bampa, kile cha kupokea mgongano gari ikigongwa. Basi, imeishia hapo. Hakuna boliti hata moja iliyofika kwenye mihimili ya chini ya bodi. Weldi juu imevimba, chini ina matundu, halafu amepaka rangi nyeusi ya kopo pote, mpaka pale ambapo weldi haikushika. Nilipitisha ukucha ukazama. Juu ya hicho ndiyo aning'inize kilo 2,650 na kuondoka nazo kwenda barabara ya Uvinza, ambako watu wanapita na baiskeli za kuni na watoto wanarudi shule.

Mafundi, sikilizeni. Kluger na Harrier hazina chesesi ya kujitegemea kama Prado au Surf. Zimejengwa kwenye mifupa ya Camry, yaani ni saluni iliyoinuliwa. Chuma cha kuvutia kinatakiwa kifungwe kwa boliti kwenye mihimili ya chini, pande zote mbili, kwa sehemu ndefu, ili mzigo ugawanyike. Ukichomelea bampa umemwekea mtu pambo.

Halafu boli lenyewe, lile tufe la chuma nyuma ya gari ambalo kikombe cha tela kinakaa juu yake. Yako ya milimita 50 na yako ya nchi 2, ambayo ni milimita 50.8. Kwa macho huoni tofauti. Kikombe cha tela cha nchi 2 ukikikalisha juu ya boli la 50 kitafunga vizuri tu, utasikia hadi mlio wake, halafu kikianza kulika kidogo, rasta moja inatosha kikarushwa juu. Boli lina namba imegongwa juu yake au kwenye shingo. Soma. Na mnyororo wa usalama si urembo, wengine mnaurudishia kwenye bampa hilo hilo la kuchomelea! Sijui mnawaza nini.

Kuna huu uzito ambao hakuna dalali hata mmoja atakutajia: ule unaokandamiza boli. Tela la kawaida linatakiwa lilaze mbele asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake wote. Kwa zile kilo 2,650 ni kuanzia 265 mpaka karibu 400, zote zimekaa kwenye mkia wa gari. Na hizo zinahesabiwa kama mzigo wa gari yenyewe, pamoja na dereva, shemeji, turnboi na mabegi yao. Mkia unazama, taa zinamulika miti, matairi ya mbele yanapungukiwa na uzito, na hayo ndiyo ya kukata kona na ya kufunga breki kwa wingi. Dawa ya mtaani ni kusukuma mzigo nyuma ya tela ili gari "ipumue". Hapo ndipo tela linapoanza kupiga mkia. Ukifika kilomita 80 kwa saa linayumba kushoto kulia, kila yumbo kubwa kuliko lililotangulia, na dereva akishtuka akakanyaga breki anajimalizia mwenyewe. Likianza, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, acha mwendo upungue.

Watu wa boti ndio hatari zaidi hapa. Injini imening'inia nyuma kabisa, na mapipa ya mafuta wameyaacha huko huko nyuma. Tela langu la boti lilirudi na Harrier moja likiwa na ulimi, kile chuma cha mbele kinachofika kwenye gari, umepinda na beringi ya kulia imeungua, na aliyelirudisha ananiambia "lilikuwa hivyo hivyo." Haya.

Giaboksi sasa, maana hapa ndipo fedha za watu zinapozikwa. Gia otomatiki ya magari haya inapitisha nguvu kwa oili ndani ya konveta, kile kiunganishi cha kati ya injini na gia. Ukivuta mzigo mzito polepole kupanda kilima, konveta inateleza, na kuteleza ni joto. Dereva kaacha O/D (overdrive, ile gia ya nne ya mwendo mwepesi) imewaka, kwa hiyo gari inahangaika kati ya gia ya tatu na ya nne, inaingia, inatoka, na joto linapanda. Chomoa kijiti cha oili ufute kwenye karatasi nyeupe: ikiwa nzima ni nyekundu, ikiungua ni kahawia na inanuka kama sufuria lililosahaulika jikoni. Mafundi wa giaboksi hapa mjini waulizeni gari zinazokuja na oili ya rangi hiyo zilikuwa zinafanya kazi gani. Kuzima O/D ni bure. Kuongeza kipoza oili mbele ya rejeta si bure, lakini giaboksi nzima ni pesa ya kuuza kiwanja.

Na mnapenda sana neno "inavuta". Hakuna anayeuliza itasimamaje! Chukua barabara ya Manyovu. Unatoka milimani kule Buhigwe unateremka mpaka Mwandiga halafu ziwani, na ziwa lenyewe liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ni mteremko baada ya mteremko. Gari ina kilo 1,600 na ushee, nyuma inasukumwa na 2,650 ambazo hazina breki, maana matela mengi ya hapa, nasema hata langu la mizigo, hayana breki. Brekipedi za Kluger zilitengenezwa kusimamisha Kluger. Oili ya breki ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205. Ikikaa muda ikanyonya unyevu inachemka kuanzia 140. Ikichemka inatoa mapovu, na ukikanyaga pedeli inakwenda mpaka chini hamna kitu. Ndiyo maana nakataa, kijana. Sina roho mbaya.

Wenzetu Australia, wanaoendesha upande wa kushoto kama sisi, tela likizidi kilo 750 kwa jumla lazima liwe na breki zake, likizidi 2,000 breki kwenye magurudumu yote. Prado 120 ya dizeli kule imeandikiwa kilo 2,500 kwa tela lenye breki, na kwa lisilo na breki 750 tu. Prado hiyo! Yenye chesesi. Land Cruiser ya sabini, mkonga ule ule tunaouona kwenye mashirika na porini, 3,500 kwa tela lenye breki. Huko Japani zinakotoka hizi gari zetu, leseni ya kawaida inakuruhusu tela la mpaka kilo 750 kwa jumla. Sasa mtu wa yadi anasimama anasema tani mbili kwa kinywa kipana.

Nilimpigia huyo aliyemuuzia kijana. Unajua alinijibu nini? "Mzee una wivu, unataka akodi na Fuso yako." Sina Fuso. Nina matela mawili na jino linauma.

Mnaonunua: fungua boneti, soma bamba. ACU20 na ACU25 ni za 2.4. Zinazoanza na MCU ni V6 ya lita 3.0, na hizo pia si ile ya Marekani ya 3.5. Muuzaji akikupa namba ya kuvuta, mwambie akuonyeshe kwenye kitabu cha gari yenye herufi hizo hizo.

Kwangu utaratibu ni huu: Kluger, Harrier, RAV4, X-Trail, tela la mizigo halizidi kilo 750 kwa jumla, maana yake lile la 650 hulipati kabisa. Kuna dogo naliunda, litakuwa la madumu machache na magodoro. Wa chumvi tani mbili tafuteni Canter.

Na wewe wa yadi, najua unasoma humu. Njoo uandike hapa chini ni kitabu gani kilichoiandikia ACU25 kilo 2,268. Picha za ile weldi naweka jioni, mtandao huku unasuasua.