Naomba ushauri: pua imevunjika, inyooshwe sasa au isubiri upasuaji kamili?

Wadau wa Mombasa, habari zenu. Kijana wa mtaani kwetu Kisauni alipigwa kiwiko puani akicheza mpira, leo siku ya tano. Uvimbe umeanza kushuka na pua imelalia kushoto. La dharura limeshaangaliwa: ukuta wa kati hauna bonge la damu. Hilo halingoji miadi, maana damu ikikaa pale gegedu (ule mfupa laini wa pua) hukosa lishe, hufa, na mgongo wa pua hudidimia. Wala hakuna maji maangavu yanayochuruzika puani, dalili ya ufa karibu na ubongo.

Shida ni uamuzi. Kunyoosha bila kupasua, kwa ganzi au nusu kaputi, kwa mtu mzima hufanywa kabla ya siku 14. Baadaye mfupa huwa umeshika. Plasta ngumu hukaa kama wiki moja. Lakini kazi hiyo hurudisha mfupa tu. Gegedu iliyopinda mara nyingi hubaki, na nundu aliyokuwa nayo mgongoni mwa pua tangu zamani haiguswi. Naye anataka nundu itoke! Hapo ni upasuaji kamili, miezi 3 hadi 6 baadaye, na umbo la mwisho husubiriwa kama mwaka.

Mimi naona anyooshwe sasa ili apumue, urembo ufuate. Mwasemaje? Na kwa bima, matibabu na urembo viandikwe bili mbalimbali? Tuelekezeni pia kwa daktari wa pua hapa Mombasa anayepima upumuaji wa kila tundu kabla ya kuchonga, kwani pua ikipunguzwa kupita kiasi huziba.