Mzee jicho moja limezima ghafla, naombeni ushauri

Kijana wa Manyoni:
Wakuu habari zenu. Mzee wangu ana miaka 63, ana presha ila dawa anakunywa siku anayojisikia. Juzi asubuhi yuko kwenye chai akasema jicho la kulia limezima. Haliumi, halijawa jekundu, ukilitazama kwa nje halina kasoro. Tukajua litarudi. Jana daktari wa macho kamulika ndani, akasema mshipa unaopeleka damu kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, umeziba na muda umeshapita. Katupa aspirini na rufaa ya kwenda kwa daktari wa moyo. Moyo na jicho wapi na wapi? Ndugu wanataka tuuze ng'ombe apelekwe India, wengine wanasema kuna mtu kamfanyia kitu. Nishike lipi?

Mpiga Zumari:
Pole mkuu. Huo ni mtoto wa jicho, bibi yangu kapasuliwa na sasa anasoma Biblia mwenyewe. Wakati mnajipanga, jaribuni matone ya asali mbichi.

Nesi wa Zamu:
Zumari, asali iache kwenye chai. Mtoto wa jicho huja taratibu, miezi hata miaka.

Kijana, hicho ni kiharusi, ila kimepiga jicho. Retina haivumilii kukosa damu, ndani ya saa chache inaanza kufa. Hata angewahi, tiba ya uhakika bado haipo. Kuna hospitali zinazojaribu dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ile ya kiharusi cha ubongo, lakini ni ndani ya saa 4 na nusu tangu jicho lizime. Ng'ombe wabaki zizini.

Kuhusu moyo: kilichoziba mara nyingi hakikuanzia jichoni. Ni bonge la damu kutoka kwenye moyo unaodunda bila mpangilio, au kipande cha mafuta kilichobanduka kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Hicho hicho kingeweza kupanda ubongoni, na kingine kinaweza kufuata, hasa wiki hizi za mwanzo. Kwa hiyo rufaa hiyo msiiweke kabatini. Apimwe umeme wa moyo, eko (ultrasaundi ya moyo), ultrasaundi ya mishipa ya shingo, sukari na kolesteroli.

Muulize pia: panja zinauma? Taya zinachoka akitafuna? Hizo ni dalili za ugonjwa wa mishipa ya kichwani kuvimba. Kwetu ni nadra, ila akijibu ndiyo mkimbizeni leo leo, maana unaweza kuchukua na jicho la pili.

Mama Zuu:
Sikilizeni huyo nesi. Shangazi yangu jicho lilizima dakika chache likarudi, kila mtu akasema uchovu. Haikupita wiki, mkono na mdomo vikaenda upande. Hata likirudi lenyewe, hospitali ni siku hiyo hiyo.

Mpiga Zumari:
Sawa, nimerudi nyuma. Ila bibi yangu kweli anasoma.

Kijana wa Manyoni:
Panja na taya haviumi. Nimekumbuka daktari alishika mapigo akasema yanarukaruka. Kesho alfajiri tunaingia Dodoma, Benjamin Mkapa. Mjomba kanuna kwa ajili ya India, atazoea. Je, kliniki ya macho ndiyo basi tena?

Nesi wa Zamu:
Hapana, arudi huko kila atakapopangiwa, hasa miezi hii ya mwanzo. Jicho likikosa damu linaweza kuotesha mishipa mibovu, presha ya jicho ikapanda, na jicho lisiloona likaanza kumtesa kwa maumivu. Hayo mapigo waambie mapokezi mapema. Ikithibitika, aspirini peke yake haitoshi, atapewa dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, na hiyo si ya kujinunulia dukani. Beba kadi ya bima na dawa zake zote za presha, hata zile alizoziacha nusu, wazione.