Mbwa mtiifu naye afungwe kamba?

Mpita Njia: Wakuu, jana mbwa mkubwa asiye na kamba alinijia mbio, mwenyewe yuko nyuma huko anapaza sauti, "Usiogope, hana neno!" Mbwa aliyefunzwa aachiwe, au kila mbwa akitoka getini afungwe?

Mfugaji wa Siku Nyingi: Aliyefunzwa aachiwe. Wangu nikimwita mara moja anageuka. Tatizo ni watu waoga. Ukikimbia unamwalika akufukuze.

Mama Pacha: Kaka, hapo kwenye "waoga" umenigusa pabaya. Binti yangu ana miaka 6. Hakukimbia. Alisimama wima, mikono juu, mbwa akampandia kifuani kwa miguu miwili. Mpaka leo akisikia njuga ya mbwa ananing'ang'ania gauni. Huyo naye ni mwoga?

Mfugaji wa Siku Nyingi: Pole kwa mtoto, dada, sikumsema yeye. Kusimama alifanya vizuri, ila mikono ishuke, mbwa huirukia.

Mama Pacha: Unamsahihisha mtoto? Msahihishe mbwa!

Kamba Fupi: Mama Pacha, niko nawe. Ila kamba nazo zinatofautiana. Zile za kujikunja ndani ya kishikio, zinazofika mita 5 na zaidi, mimi sizitaki tena. Wangu alichomoka, nikaudaka uzi kwa mkono, ukanichana vidole viwili. Alama ninazo. Mita 2 zinatosha kabisa.

Mfugaji wa Siku Nyingi: Kamba fupi iliyokazwa ndiyo inayomtia mbwa ukali. Hana pa kukwepea, anabweka. Mbwa wakiachwa husogeleana kwa kuzunguka, wakanusana ubavuni. Ukimvuta wanakutana uso kwa uso.

Kamba Fupi: Nani kasema ikazwe? Ilegee, ining'inie kidogo kati ya mkono wako na mbwa. Akivuta, simama, hata hatua moja usiende. Akilegeza, mnaendelea. Siku ya kwanza tulitumia nusu saa kufika kona tu. Wiki ya tatu alikuwa ananitazama mwenyewe kila nikipunguza mwendo.

Jirani Mwema: Mnabishania kamba, na kichaa cha mbwa je? Ila huyo si anajulikana kwa povu mdomoni?

Mganga wa Mifugo: Usingoje povu, ndugu. Mbwa anaweza kuambukiza kabla hujaona dalili yoyote. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Jirani Mwema: Basi wote wafungwe!

Mfugaji wa Siku Nyingi: Wangu ana chanjo, tena kila mwaka. Msinichanganye na wanaotelekeza mbwa.

Mama Pacha: Kaka, chanjo sijakuuliza. Kesho utamfunga au humfungi?

Mfugaji wa Siku Nyingi: Penye watoto nitamfunga. Pasipo na mtu, hapana.

Mama Pacha: Na mtoto akitokea kwenye kona?