Remington 700 ya .308 na boksi la mabaki: kipi kifungwe, kipi kiachwe?

Bonde_la_Juu aliuliza:

Wakuu, habari zenu. Niko Pennsylvania. Nina bunduki ya kuwindia ya Remington 700 ya risasi za .308, mwili mfupi (toleo la risasi fupi), mbao ya kiwandani, nimeinunua kwa muuzaji mwenye leseni. Haina darubini. Kwenye boksi la mabaki kuna: vikalio viwili vya mtindo wa Weaver (vyuma vya kufungwa juu ya bunduki ili vibebe darubini), reli moja ndefu ya mtindo wa Picatinny ya kazi hiyohiyo, isiyo na maandishi, pete za kushikia darubini jozi mbili (ya inchi 1 na ya milimita 30), darubini ya 3-9x40 (inakuza mara 3 hadi 9) yenye bomba la inchi 1, darubini nyingine iliyokuwa kwenye bunduki ya upepo, triga ya zamani ya 700, bolti ya ziada (chuma kinachoteleza kufunga chemba), mkanda wa kubebea, na kopo la skrubu zilizochanganyika. Msimu wa kulungu unafunguliwa Jumamosi baada ya Thanksgiving. Nataka bunduki ya kazi, itakayopiga ninapolenga hadi yadi 200, bila kununua kitu kama nilichonacho kinatosha. Nianzie wapi?

Fundi_Kikalio:

Anzia kwenye triga na bolti, kwa kuviweka kando. Bolti ya bunduki nyingine inaweza kuingia na kufunga vizuri kabisa, lakini nafasi kati ya uso wake na kitako cha ganda haijulikani mpaka fundi aipime kwa geji. Ikizidi, ganda hupasuka na gesi inarudi usoni kwako. Kufunga vizuri si kipimo.

Triga nayo: mwaka 2014 Remington waliita zirudi 700 zenye triga ya aina ya X-Mark Pro zilizotengenezwa kuanzia 2006 hadi Aprili 2014, kwa sababu baadhi zingeweza kufyatuka bila kuguswa. Angalia namba ya bunduki yako, na hiyo ya boksini usiiguse kama hujui ilikotoka. Mabaki ya kutumia ni yale yanayokaa nje ya chuma kinachobeba mlipuko: vikalio, pete, darubini, mkanda.

Sasa vikalio. Toa bolti, hakikisha chemba ni tupu, risasi ziwe chumba kingine. Reli yako ya kipande kimoja ijaribu kwa kuiweka tu juu, bila skrubu. Mwili mrefu na mfupi wa 700 hutofautiana umbali kati ya matundu ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo kama reli ni ya mwili mrefu, matundu mawili yatalingana na mawili hayatalingana. Usiikaze kwa nguvu wala usitoboe. Vikalio viwili havina shida hiyo, ila vya mbele na nyuma havifanani: sehemu ya nyuma ya mwili wa 700 inapokaa kikalio iko chini kuliko ya mbele, hivyo kile kirefu kwenda juu ndicho cha nyuma. Ukivibadilisha, darubini itatazama angani na vinobu vitaisha kabla hujafika kwenye shabaha.

Kopo la skrubu ndilo litakalokuumiza zaidi. Kikalio cha mbele kinataka skrubu fupi. Ndefu inapenya mpaka inagusa masikio ya bolti (vinundu vyake vya kujifungia mbele). Kwa hiyo funga kikalio cha mbele peke yake, rudisha bolti, ifungue na kuifunga polepole. Ukihisi inakwaruza au inakuwa nzito mahali pamoja, skrubu imezidi. Itoe, tazama ncha yake: utaona alama inayong'aa ilipoguswa. Iliyo fupi kupita kiasi nayo mbaya, maana inashika nyuzi mbili tu na teke la .308 litaing'oa. Hesabu mizunguko: mitatu kamili na kuendelea ndiyo salama.

Safisha matundu na skrubu kwa asetoni kwanza. Mafuta yakibaki, gundi ya buluu ya kuzuia skrubu zisilegee haishiki. Tone moja kwa kila skrubu ya kikalio, kaza takriban inchi-pauni 20 kwa bisibisi ya torki (inayopima nguvu ya kukaza).

Mtutu_Safi:

Naongezea kwenye pete. Jozi ya milimita 30 iache. Bomba la inchi 1 ni milimita 25.4, na kuzungushia mkanda wa gundi ili lijae ni kujitafutia darubini inayoteleza kila risasi.

Mfereji wa Weaver una upana wa inchi 0.180, wa Picatinny 0.206. Pete za Weaver zinaingia kwenye reli ya Picatinny, lakini pete za Picatinny haziingii kwenye vikalio vya Weaver. Usipige tupa kikalio ili ziingie! Pete zikishakaa, zisukume mbele kuelekea mdomo wa mtutu ndipo ukaze. Bunduki inaporudi nyuma, darubini hutaka kubaki mbele, na kama kuna nafasi italisogeza lengo lako.

Skrubu za juu ya pete inchi-pauni 15 hadi 18, bila gundi, ukikaza kwa kupishana kama nati za tairi. Nafasi pande zote mbili za pete ibaki sawa. Upande mmoja ukifunga kabla ya mwingine, msalaba wa kulengea ndani ya darubini unageuka. Kuunyoosha: tundika uzi wenye kitu kizito yadi 25 mbele, bunduki ikae wima, linganisha mstari wa wima na uzi, halafu ndipo umalizie kukaza.

Porini_Daima (Arusha):

Ndugu yangu, umbali kati ya jicho na darubini usiusahau. Huku kwenye bunduki nzito za .375 darubini yenye nafasi ya sentimita 7 hukata nyusi, na .308 nyepesi inaweza kufanya hivyohivyo ukipiga ukipanda mlima. Tafuta sentimita 9 hivi. Pima umevaa koti lako la baridi, darubini ikiwa kwenye ukuzaji wa mwisho, macho umefumba. Weka shavu, fumbua. Ukiona kivuli cheusi pembeni, isogeze.

Ile ya bunduki ya upepo usiifunge. Huwa imepangwa msalaba usihame kwa umbali mfupi tu, na kwenye yadi 200 ukisogeza jicho kidogo msalaba unatembea juu ya mnyama.

Fundi_Kikalio:

Kabla ya kwenda uwanjani, pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao. Kwenye nyingi za 700 za kiwandani itakwama karibu na ncha ya mbao, kwa sababu waliacha uvimbe hapo makusudi ubonyeze mtutu. Usikimbilie msasa. Kaza skrubu za chini zinazoshika mbao, ya mbele kwanza, kama inchi-pauni 40 kwa mbao tupu, upige, ndipo uamue.

Kulenga: bolti nje, bunduki kwenye mifuko ya mchanga, tazama ndani ya mtutu shabaha ya yadi 25 iwe katikati, kisha leta msalaba hapohapo bila kutikisa bunduki. Piga moja, rekebisha. Kumbuka kliki moja ya robo (mlio mmoja wa kinobu cha darubini) husogeza inchi 1/4 kwenye yadi 100, lakini kwenye yadi 25 ni 1/16 tu. Umekosa inchi 2, ni kliki 32. Hamia yadi 100, piga tatu tatu, acha mtutu upoe mpaka uweze kuushika, na rekebisha kwa kufuata katikati ya matundu matatu, si tundu moja. Kwa risasi yenye uzito wa greni 150, inchi 2 juu kwenye yadi 100 inakuweka karibu sawasawa kwenye 200.

Bonde_la_Juu:

Asanteni sana wakuu. Reli nimeijaribu juu, tundu la nyuma kabisa halikulingana. Ni vikalio basi. Matundu matatu yakitawanyika inchi 4, niangalie wapi kwanza?

Mtutu_Safi:

Skrubu za vikalio, kisha za mbao, kisha badilisha darubini kabla hujaulaumu mtutu. Na jaribu aina nyingine ya risasi, boksi moja.