Tupeane uzoefu: Uliyewahi kudai fidia baada ya ajali, ilikuwaje?

Wakuu, habari zenu. Mwaka juzi niligongwa na Noah maeneo ya Kimara nikivuka kwenye zebra, mchana kweupe. Mguu wa kulia ulivunjika sehemu mbili. Fidia nimelipwa baada ya miezi 14. Naeleza yangu, nanyi mweleze yenu, maana nilipokuwa kitandani nilitafuta wa kunielekeza nikamkosa.

Jioni ile ile dereva alikuja wodini na shemeji yake. Walileta machungwa, laki tatu kwenye bahasha, na karatasi iliyochanwa kwenye daftari: nimepokea fedha, sitadai tena. Nilikuwa nimechomwa sindano ya maumivu, macho mazito, kalamu tayari iko mkononi. Dada yangu ndiye aliyeinyakua ile karatasi. Namshukuru mpaka kesho. Laki tatu haikumaliza hata gharama za wiki ya kwanza.

Dada huyo huyo alipiga picha namba ya gari. Ukiiingiza kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, unaona gari limekatiwa bima kampuni gani na kama bima iko hai. Ile Noah ilikuwa na bima ndogo (third party). Wengi wanaidharau, lakini sisi tuliogongwa ndiyo inayotuhusu, kwa sababu inamlipa mtu wa tatu.

Kampuni ya bima ilitaka PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, PF90 (fomu ya polisi kuhusu ajali), nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki, risiti zote na ripoti ya mwisho ya daktari. Hukumu ndiyo iliyonichosha. Dereva alikiri kosa akalipa faini siku moja, ila nakala niliifuatilia mahakamani kwa magongo, wiki baada ya wiki. Ofa ya kwanza ilikuwa ndogo mno, wamehesabu risiti tu. Niliikataa kwa barua, nikaambatanisha barua ya kazini inayoonyesha miezi mitano sikulipwa. Wakapandisha zaidi ya mara mbili.

Fundi seremala, Mwanza:
Pole sana mkuu. Mimi yangu ilikuwa kazini, msumeno ulinikata vidole viwili. Bosi akasema atanitibu, tusipelekane mbali. Alinitibu kweli, lakini mshahara ukakatika. Jirani akaniambia niende WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Sikuwahi kujua kwamba anayechangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Ukiwa nje ya kazi kwa matibabu unalipwa asilimia 70 ya mshahara, mpaka miezi 24. Baadaye daktari anapima ulemavu: ukiwa asilimia 30 au chini unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni kila mwezi. Mimi nililipwa kwa mkupuo, nikanunua randa ya umeme. Ila muda wa kudai ni miezi 12 tangu ajali, na mimi nilibakiza wiki tatu tu. Ndugu zangu wa viwandani, msikae na jeraha ndani mkimwonea aibu bosi.

Mama wa watoto watatu, Morogoro:
Mume wangu alifariki kwenye ajali ya basi. Kwa aliyefiwa kuna mlango mwingine kabla ya bima: lazima awepo msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo, muhtasari, cheti cha kifo, halafu Mahakama ya Mwanzo na tangazo. Shemeji mkubwa alitaka awe yeye. Nilisimama mbele ya wazee na mtoto mgongoni, nikasema watoto hawa nawalea mimi. Wakanipitisha. Kampuni nayo ilikaa kimya miezi, simu hazipokelewi. Nikapeleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ni bure, wala sikuhitaji wakili. Wakaitwa, tukakaa meza moja, nikalipwa. Hela haikumrudisha baba yao, ila ada ya shule ninalipa.

Bodaboda, Tegeta:
Nimegongwa mwaka jana mwezi wa nne, tukamalizana kienyeji kwa elfu themanini. Sasa goti linavimba kila jioni. Nimechelewa?

Mleta mada:
Kwa sheria ya ukomo, madai ya madhara kama haya ni miaka mitatu, kwa hiyo muda unao. Je, mliandikishana? Na kituoni ulifika?

Bodaboda, Tegeta:
Hatukuandikishana. PF3 ninayo, imelowa mvua lakini namba inasomeka.

Mleta mada:
Itoe nakala leo hii. Kesho rudi kituo kile kile na hiyo namba uulizie jalada, kisha kwa daktari akaandike hali ya goti ilivyo sasa. Ukikwama andika hapa hapa, nitakusindikiza, Tegeta si mbali na kwangu.